Anti Saizi na Plagi Tatu za Lusekelo

Benchi langu liko Mwanjelwa, nyuma ya maduka ya spea, pale ambapo upepo wa Julai hupita bila kubisha hodi. Ni ubao mmoja wa paini juu ya ringi mbili za lori, na mbele yake kuna jiko langu, birika la kahawa na sinia la kashata. Wanaokaa hapo ni wale wale. Obeid anauza mitumba, lakini tunamwita Jaji kwa sababu hakuna jambo mtaani asilolitolea hukumu, hasa lisilomhusu. Masunga ni Msukuma wa bonde la Usangu. Alikuja mjini kuuza mchele zamani, na kila asubuhi anasema kesho anarudi kwa ng'ombe wake. Fundi Fanueli ana gereji, kama turubai lililofungwa kwenye ukuta wa mtu linaweza kuitwa gereji. Mimi nawamiminia na kusikiliza. Sishiriki. Nimelea watoto wanne, mabishano nilishayamaliza nyumbani.

Siku hiyo nilishiriki, kwa sababu kirikuu, kile kilori kidogo cha mizigo, iliyoegeshwa mbele ya benchi ndiyo iliyokuwa inampeleka binti yangu shule. Anjela alipangiwa kidato cha tano huko Iringa. Tulikuwa tumeshachelewa kuripoti, mdogo wake aliumwa na mimi sina mikono sita, na mkuu wa shule alinieleza kwa simu, kwa upole kabisa, kwamba geti likifungwa jioni ya siku hiyo nafasi yake anapewa mwingine. Lusekelo, mwenye kirikuu, alikuwa anakwenda tupu kuchukua mbao Mufindi, na angefika hadi Iringa mjini kumwona kaka yake Kasian. Akasema atambeba mtoto na mizigo yake. Nilishukuru. Tranka, godoro, ndoo, jembe na fyekeo, kondakta wa basi akiviona anageuka kuwa afisa wa forodha.

Wangekuwa wameondoka mapema. Lakini Lusekelo alifika na plagi tatu mpya za injini mfukoni, akamwambia Fanueli amfungie mara moja kabla ya safari ndefu. Injini ya kirikuu iko chini ya kiti. Fanueli akakinyofoa kiti cha abiria, akakiweka chini kando ya benchi, na kabla vumbi halijatulia Jaji alikuwa ameshahamia juu yake, ameegemea kama mtu anayesafiri.

Fanueli akashika spana ya plagi, akauliza swali la kifundi, la kawaida tu: anazifunga kavu, au anazipaka kitu kwanza?

Lusekelo akasema hilo ameshamuuliza kaka yake, maana Kasian ni fundi wa miaka mingi. Akatoa simu, akatuchezea voisi aliyotumiwa alfajiri. Sauti ya Kasian ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuchoshwa na ndugu yake:

— Mdogo wangu, hizo plagi usizifunge kavu. Anti saizi.

Basi. Ikaishia hapo. Lusekelo akampigia, hapatikani. Jaji akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akafumba macho, akanyoosha mguu mmoja kutoka kwenye kile kiti.

— Mmesikia wenyewe. Ametaja anti, halafu akasema saizi. Anti ni nani hapa, na saizi ni lini?

Wote wakaniangalia. Ni kweli Fanueli huniita anti, na vijana wote wa spea huniita hivyo, na ni kweli mjini hapa saizi ni sasa hivi. Jaji akaendelea kueleza kwamba Kasian anaijua kazi yake. Mkono wa mwanaume una hasira, alisema, unakaza plagi mpaka uzi wa hedi, pale kichwani mwa injini inapofungwa, unaliwa. Mkono wa mwanamke umezoea kufunga vifuniko vya chupa za mtoto. Kwa hiyo plagi zifungwe na anti, tena saizi, kabla injini haijapata habari. Masunga akaunga mkono. Kwao Usangu ng'ombe akigoma kukamuliwa huitwa mwanamke, na plagi ukiitazama vizuri ni chuchu ya injini.

— Mama Anjela, heshima yako, Lusekelo akasema. Kaka yangu hakosei. Shika spana.

— Kasian hata hanijui.

— Ndiyo maana hakutaja jina.

Nikamwambia nina kahawa jikoni na mtoto wa kupeleka shule, afunge plagi zake. Hapo Fanueli akaona heshima ya ufundi inapotea. Akasema Jaji hajui lugha. Anti si shangazi wala mama muuza kahawa. Anti ni kuua, kama antivairasi ya kompyuta. Na saizi ni saizi, kama ya viatu. Kwa hiyo Kasian amesema plagi ziuliwe saizi, maana yake ni kubwa mno, Lusekelo ameuziwa za gari jingine. Akachukua moja, akaipima kwa kidole chake kidogo, akatikisa kichwa kama daktari.

Jaji akasema mficha uchi hazai, zote zitolewe kwenye boksi zionekane. Zikatolewa. Zikapangwa kwenye sinia langu, katikati ya kashata. Masunga akainusa moja.

Anjela alikuwa amekaa juu ya tranka lake muda wote huo, sweta limefungwa mpaka kidevuni. Ni mtoto asiyependa kusema mara mbili.

— Ni neno moja la Kiingereza, anti-seize, akasema. Ni aina ya grisi. Inazuia chuma na chuma visishikane, ili siku ya kuifungua plagi itoke bila kung'oa uzi wa hedi.

Hakuna aliyemshukuru. Jaji akasema ndicho alichokuwa anakielekea. Lusekelo akavuka barabara kwenda duka la spea, akarudi na kitubu kidogo kama cha dawa ya meno, na mimi nikadhani tumemaliza. Niliosha hata vikombe. Kumbe tulikuwa ndiyo tunaanza, kwa sababu Fanueli alikitazama kile kitubu akasema yeye hapaki.

Alitoa sababu zake, na zilikuwa na kichwa na miguu. Plagi kavu inakuambia inapofika mwisho, mkono unasikia inagoma. Ukiipaka grisi inateleza, mkono unadanganyika, unaendelea kukaza ukidhani bado, kumbe umeshapitiliza na uzi wa hedi unalia. Hedi ya kirikuu ni aluminiamu, laini. Ikiliwa uzi ni kazi ya kuchonga upya, na Lusekelo alale hapa.

Lusekelo akasema na yeye ana yake. Binamu yake kule Tukuyu alifunga kavu, plagi ikakaa miaka, siku ya kuitoa ikatoka na uzi wote umeizunguka kama nyoka aliyeshiba. Alikuwa anaonyesha kwa mikono jinsi uzi ulivyokuwa, na kila alipoonyesha ulikuwa mrefu zaidi.

— Kavu inashikana, Fanueli. Chuma kikikaa na chuma kinazoeana.

— Ya kupaka inapitiliza.

— Wewe kaza kidogo.

— Nitajuaje kidogo, na mkono unateleza?

Lusekelo akamwomba Anjela asome boksi la plagi. Anjela akasoma, akasema boksi linasema usipake, plagi zenyewe zimeshatiwa madini ya kuzuia kutu. Fanueli akanyoosha mikono kama mchungaji mwisho wa ibada. Lakini Jaji hajawahi kushindwa na karatasi.

— Boksi limeandikwa na nani? Na mwenye kuuza boksi. Plagi ikiharibika anauza boksi la pili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Nikamuuliza mgema hapo ni nani. Akasema nisimkatize.

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mabati. Mabasi ya Iringa yalishapita, la kwanza, la pili, na yale yanayojaza polepole. Niliyahesabu kwa honi. Anjela alikuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa sweta. Nikawaambia waungwana, mtoto anatakiwa awe ndani ya geti Iringa leo, pakeni au msipake. Jaji akanitazama kwa huruma.

— Mama Anjela, wahenga wamesema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Lakini angalia, unamkuta. Anayechelewa anamkuta mwana. Subira.

Ndipo Masunga akaleta mambo ya hali ya hewa. Alisema tatizo la mafundi wa mjini ni kufikiri plagi inakaa Mwanjelwa. Plagi inasafiri. Ikitoka hapa na baridi yetu, inateremka bondeni hadi Igawa, na Igawa kuna joto, yeye anapajua, ng'ombe wanatoa ulimi. Kwenye joto chuma kinavimba. Kikivimba kinashikana. Kwa hiyo hadi Igawa grisi ni lazima.

— Haya, na baada ya Igawa? Lusekelo akauliza, na niliona kwa uso wake kwamba tumempoteza.

Jaji akadaka. Baada ya Igawa unapanda, Makambako, halafu Nyololo. Yeye ana shemeji Nyololo, mwezi wa saba kule maji ya kunawa unayavunja kwa kijiko. Kwenye baridi chuma kinanywea. Plagi iliyonywea, tena imepakwa grisi, itakaaje? Itachomoka. Itapiga kiti kwa chini. Na juu ya kiti yuko nani?

Wote wakamtazama Anjela. Anjela akanitazama mimi.

Kwa hiyo ikapitishwa kwamba plagi zipakwe hapa, Lusekelo asimame Igawa, azifungue, azifute kwa kitambaa, azifunge kavu, aendelee Nyololo. Fanueli akasema injini ya moto haifunguliwi plagi, hapo ndipo uzi unapotoka. Masunga akasema asubiri ipoe. Fanueli akauliza ipoe vipi, na Masunga mwenyewe amesema Igawa ng'ombe wanatoa ulimi. Nikawamiminia, maana mikono yangu ilihitaji kazi.

Masunga akapata njia. Alisema mwaka fulani pampu yake ya kumwagilia mpunga ilisumbua, akaipaka plagi samli. Samli ya ng'ombe haina ubishi. Kwenye joto inayeyuka, kwenye baridi inaganda, inafuata hali ya hewa yenyewe. Pampu ilifanya kazi msimu mzima. Ilinukia pilau tu. Majirani walikuwa wanakuja na sahani.

— Ilivuta maji? Fanueli akauliza.

— Ilivuta na mbwa.

Hapo nilicheka, nakiri, na kucheka kukawaongezea nguvu. Lusekelo alikuwa amesimama katikati, kitubu mkono mmoja, mkono mwingine kichwani, akisema "ndaga, ndaga", asante ya kwao, kwa kila aliyeongea, kama mtu anayepokea rambirambi. Jaji akaona wakati wa hukumu umefika. Akajiweka sawa kwenye kiti cha mtoto wangu.

Alisema injini hii Mungu ameipa plagi tatu, na hoja zilizo mezani ni tatu. Haiwezi kuwa bahati. Plagi ya kwanza ipakwe grisi ya Kasian. Ya pili ifungwe kavu, ya Fanueli. Ya tatu ipakwe samli, ya Masunga. Gari liende Iringa, lirudi, zifunguliwe mbele ya mashahidi, na itakayotoka vizuri ndiyo itakayokuwa sheria ya Mwanjelwa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samli iko wapi? Lusekelo akauliza. Aliuliza kweli, kwa dhati.

Masunga akasema iko kwao Usangu, na kesho anarudi.

Nilikuwa nimeshainua simu niangalie kama liko basi la mchana, na nikiwaza godoro nitalifunga wapi, ndipo alipofika mwanamke mmoja na kiroba cha karanga kichwani. Alikuwa mgeni pale. Akaniamkia, akanunua kahawa, akauliza kama kuna gari la kuelekea Igawa, maana kule stendi walimwambia kuna kirikuu inayokwenda tupu. Masunga akamtambua kwa lafudhi, akamwamkia kwa Kisukuma, mwadila mayu, wakaulizana ng'ombe na mvua mpaka wakaridhika. Aliitwa Nyamizi, na watoto wake walikuwa wanamsubiri Igawa. Masunga akamweleza kwamba gari ndilo hili, ila lina kesi. Akamweleza kesi yote: kaka mtu, shangazi, boksi, Igawa, Nyololo, samli. Alieleza vizuri, hakuruka kitu. Nyamizi alisikiliza kikombe mkononi.

— Kwani gari limegoma? akauliza.

— Halijagoma.

— Lilivutwa kuja hapa?

— Nimekuja nalo mwenyewe kutoka Uyole, Lusekelo akasema. Linavuta vizuri.

Nyamizi akainama, akachungulia pale kiti kilipokuwa.

— Basi zilizomo humo zina ubaya gani?

Fanueli alimtazama Lusekelo. Lusekelo alimtazama Fanueli. Jaji alitazama kikombe chake kama kuna mtu ameandika humo. Plagi mpya zilikuwa bado kwenye sinia langu, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipogundua kwamba za zamani hazijaguswa. Asubuhi nzima hakuna aliyezitoa.

— Ni za zamani, Lusekelo akasema mwishoni.

— Hata mume wangu, Nyamizi akasema.

Fanueli akasema basi tuzifungue tu tuone ubaya wake, akanyoosha mkono kuchukua spana pale benchini. Niliwahi mimi. Nikaichukua, nikaiweka juu ya ubao, nikaikalia. Ilikuwa ya baridi sana.

— Anti, naomba spana.

— Hapana.

— Anti, ni ya kazi.

— Na mimi niko kazini. Rudisha kiti.

Kiti kilikuwa na mtu. Jaji akaanza kusema kwamba mahakama bado haijaahirisha. Anjela akashuka kwenye tranka, akasimama mbele yake na begi lake mgongoni.

— Anko, naomba nikae.

Akamwachia. Sijawahi kuona mwanaume akiondoka kwenye kiti kwa kujitetea kiasi kile. Fanueli akakifunga. Masunga na Lusekelo wakapakia tranka, godoro na ndoo, Nyamizi akaweka kiroba chake, akabanana mbele na binti yangu. Lusekelo akazoa plagi zake mpya kwenye sinia, akazitia mfukoni, akawasha. Injini ikakohoa mara moja, ikawaka, ikanguruma kama kawaida yake siku zote.

Nikampa Anjela kashata kwenye karatasi. Nikamwambia asilale njiani kabla ya Makambako, asiazimishe ndoo, na akifika aende moja kwa moja ofisini, asianze kutafuta kitanda. Akasema ndiyo mama. Dirisha la kirikuu ile halifungi vizuri, nikalisukuma juu kwa kiganja mpaka likashika. Wakaondoka.

Mchana ule benchi lilikuwa zito. Fanueli alisafisha vifaa ambavyo sijawahi kuona akivisafisha. Jaji alijaribu kuanzisha habari ya bei ya saruji, haikushika. Kila lori lililopunguza mwendo barabarani nilidhani ni kirikuu inarudi inavutwa. Masunga alisema itakuwa imepita Igawa. Baadaye akasema itakuwa imepita Nyololo. Hakuna aliyetaja joto wala baridi.

Jua lilikuwa linagusa mlima simu ilipoita. Lusekelo. Nyuma yake kulikuwa na upepo na kelele za mji.

— Mama Anjela, ameingia. Mlinzi alikuwa ameshashika komeo. Tumemshushia tranka getini, amelivuta mwenyewe hadi ofisini. Wamempokea.

Nikamwambia asante. Nikamwambia tena. Nilikaa kidogo kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu miguu ilikuwa imesimama tangu alfajiri.

— Usikate, Lusekelo akasema. Kaka yuko hapa, ana swali kwa fundi.

Nikaiweka simu kwenye spika, nikailaza juu ya ubao. Wote watatu wakainama. Sauti ilikuwa ile ile ya kwenye voisi, ya mtu aliyechoka.

— Fundi, hizi plagi zilizomo ulizifunga wewe?

— Mimi, Fanueli akasema, kifua kikiwa kimepanda kidogo.

— Vizuri. Kesho nazitoa, naweka mpya. Nieleze tu kitu kimoja, nijue nitumie nguvu kiasi gani. Ulizipaka, au ulizifunga kavu?

Fanueli akafungua mdomo. Akaitazama mikono yake, juu na chini, kama jibu limeandikwa kwenye mafuta. Masunga akavuta koti, akasema kwa sauti ndogo kwamba kweli sasa ni wakati wa kurudi kwa ng'ombe. Jaji, na hili naliapia, hakuwa na hukumu.

— Haloo? Kasian akasema. Ulipaka au hukupaka?

Fanueli akaniegemea sikioni.

— Anti, mwambie mtandao unasumbua.

Nikaliinua birika, nikalitikisa. Halikutoa sauti.

— Kasian, nikasema, kahawa imeisha.

Nikakata simu, nikamwaga maji kwenye makaa. Mtoto alikuwa ndani ya geti. Plagi ni za Lusekelo.